Mbwa anayelia ukifunga geti: njia za kumsaidia na namna ya kuchagua

Popi alikuja kwangu Fuoni, hapa Unguja, akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Alilelewa Jambiani na wageni waliopanga nyumba ufukweni, akilala chini ya kitanda chao na kula wanapokula. Walipomaliza mkataba wakarudi kwao, yeye akabaki. Nilimchukua nikidhani nachukua mlinzi wa uani. Kumbe nimechukua mbwa wa kuniganda kama ruba: nikienda mferejini yuko nyuma, nikiingia chooni kajilaza mlangoni, nikivaa viatu vya kazini anaanza kutweta.

Siku ya tatu nilirudi kutoka skuli saa 8 mchana nikakuta geti limekwaruzwa hadi rangi imebanduka, na kucha moja ya Popi inatoka damu. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa kanisubiri barazani kwake. Akaniita kwa upole: "Mwanangu, huyo kiumbe analia tangu ulipotoka. Makelele tutayavumilia, lakini mwenyewe ana nini?"

Ana hofu. Nilichukua muda kulielewa jibu hilo, kwa sababu nami niliona kwanza kama utundu. Mbwa wa aina hii hakukomoi wala hakosi adabu. Anapobaki peke yake moyo unamwenda mbio, udenda unamdondoka, anazunguka, anakojoa bila kutaka, anakwaruza palepale ulipotokea. Ukirudi ukamkemea, unamfundisha kwamba hata kurudi kwako ni jambo la kuogopa. Na ule uso wa kuinamisha kichwa tunaouita uso wa kukiri kosa si kukiri. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani Alexandra Horowitz alichapisha jaribio lililoonesha kwamba mbwa huonesha uso huo zaidi pale anapokemewa, awe amefanya kosa au hakufanya.

Kabla ya kuchagua, mtazame ukiwa haupo

Weka simu ya zamani juu ya rafu au dirishani, washa video, toka kwa nusu saa. Hofu ya kuachwa huonekana mapema: huanza unapotafuta funguo, au ndani ya dakika 30 za mwanzo. Mbwa aliyetulia saa nzima halafu akaanza kutafuna kandambili anahitaji shughuli tu. Anayebweka watu wakipita njiani na kunyamaza wakishapita anafanya kazi yake ya ulinzi. Anayeitikia adhana kwa mlio mrefu kisha akalala, huyo hana tatizo lolote. Na anayetetemeka kwa radi za masika au kwa fashifashi za mkesha wa Mapinduzi anaogopa kelele. Atatetemeka hata ukiwa umemshika.

Kama anakojoa ovyo, au alikuwa mtulivu na amebadilika ghafla, mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Maumivu, maradhi ya kibofu na uzee huweza kufanana na hofu.

Vigezo nilivyotumia

Ushauri mwingi unaosomwa mitandaoni umeandikwa kwa watu ambao mbwa wao hulala chumbani na kila mgeni humpapasa kichwa. Hapa Unguja na Pemba hali ni nyingine. Wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba huoshwa mara 7, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa hukaa uani, na mtu unayetaka akusaidie huenda hataki kumgusa. Hilo si la kubishania, ni la kupangia.

Kila njia nimeipima kwa mambo manne: inavyokwenda, muda na pesa, inavyoingia kwenye nyumba na mitaa yetu, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: kumzoesha kidogo kidogo

*Inavyokwenda.* Unatafuta muda ambao mbwa anaweza kubaki bila dalili yoyote, hata kama ni sekunde tano. Hapo ndipo pa kuanzia. Unatoka, unarudi kabla hajaanza kuhangaika. Sekunde tano, kumi, nne, kumi na tano, nane, ishirini. Usipande kila mara; ukipanda tu mbwa anagundua kwamba kila safari ni mbaya kuliko iliyopita, naye anaanza kuogopa mapema zaidi.

Kabla ya kutoka kwenyewe, kuna kuzima zile ishara. Popi alikuwa akivurugika kwa mlio wa funguo. Kwa wiki nzima nikawa nazichukua, nazungusha mkononi, kisha nakaa na kumenya muhogo. Navaa viatu vya kazini naenda kufagia. Siku ya sita alinyanyua jicho moja tu, akalala tena. Sijasahau furaha niliyoipata kwa lile jicho.

Baada ya hapo ikaja hatua ya nje ya geti, hatua ya kufunga komeo, hatua ya kufika kwenye kona. Dakika 30 hadi 40 za mwanzo ndizo ngumu kuliko zote. Anayeweza kukaa dakika 40 ametulia kabisa, mara nyingi unaweza kuanza kuongeza kwa robo saa, kisha nusu saa. Akilia, usirudi kwa hasira wala usimwache alie mpaka achoke. Rudi, tulia, na kesho anza chini zaidi. Kumwacha alie hakumfundishi chochote isipokuwa kwamba hofu yake ilikuwa ya kweli.

*Muda na pesa.* Pesa karibu hakuna. Muda ni mwingi: dakika 20 hadi 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na kwa wengine miezi. Popi alituchukua miezi mitano.

Sharti lake gumu ni kwamba katika kipindi chote hicho mbwa asiachwe peke yake zaidi ya anavyoweza. Asubuhi moja ya kuachwa kwa muda wa saa sita inaweza kufuta kazi ya wiki mbili. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwani kazi haisubiri. Kwa hiyo njia hii haitembei peke yake. Inahitaji kubebwa na njia ya tatu, ya kumwekea mtu.

*Kwenye nyumba zetu.* Inafaa sana kwa mbwa wa uani, kwa kuwa geti ni moja na ishara za kuondoka ni chache. Usianze wiki ya mvua kubwa za masika. Radi itaharibu kila kitu. Na waambie majirani, maana mtu anayetoka na kuingia getini mwake mara 12 kwa nusu saa ataulizwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira na ratiba inayotabirika: mwalimu wakati wa likizo, mwenye duka mbele ya nyumba, mtu anayefanya kazi zake nyumbani. Haimfai anayetoka alfajiri kuwahi boti na kurudi usiku, hana wa kumsaidia.

Njia ya pili: kumchosha na kumpa shughuli

*Inavyokwenda.* Matembezi kabla ya kutoka, halafu chakula cha kutafuta badala ya cha bakuli. Saa 11 na nusu alfajiri, jua halijawa kali, nusu saa ya kunusanusa vichochoroni au ufukweni maji yakiwa yamekupwa. Kunusa nako humchosha mbwa.

Chakula nacho kiwe kazi. Dagaa wakavu ni wazuri, lakini wa kwetu huchemshwa kwa maji ya chumvi, kwa hiyo waloweke na umwage maji kwanza. Watawanye kwenye majani ya uani. Au gandisha mchuzi wa samaki usio na chumvi wala vitunguu kwenye kibakuli cha plastiki, mpe barafu hiyo alambe. Wakati wa kaskazi, Disemba hadi Februari, humpoza pia. Usimpe kifuu kikavu cha nazi atafune, maana kikivunjika hutoa vipande vyenye ncha. Usimpe mifupa iliyopikwa, nayo hupasuka hivyo hivyo. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwake.

*Muda na pesa.* Muda wa saa nzima kila asubuhi, na pesa za dagaa.

*Kwenye nyumba zetu.* Vyombo vyake viwe vyake peke yake, na hilo wengi tayari tunalifanya.

*Inamfaa nani.* Mbwa mchanga mwenye nguvu nyingi, na mbwa ambaye video imeonesha amechoka kukaa bure. Kwa mwenye hofu ya kweli inasaidia kidogo tu. Kipimo chake ni hiki: ukirudi ukakuta chakula hakijaguswa, halafu anakivamia mara tu ukiingia, ujue alikuwa na hofu kiasi cha kushindwa kula. Mbwa huyo humdanganyi kwa barafu ya samaki. Popi aliacha dagaa wake kwa wiki saba. Siku nilipokuta wameliwa wote, ndipo nilipojua mazoezi yameshika.

Njia ya tatu: kumwekea mtu

*Inavyokwenda.* Mbwa habaki peke yake, basi. Awepo mlinzi, msaidizi wa nyumbani, mama mkwe, kijana wa jirani baada ya skuli, au mwanafunzi wa chuo anayehitaji mahali penye utulivu pa kusomea.

Jambo ambalo watu hawaliamini mpaka walione ni kwamba mbwa wengi wa aina hii hawahitaji kuguswa. Wanahitaji kiumbe mwenye pumzi awe karibu, anayetembea, anayekohoa, anayeosha vyombo. Mtu anaweza kukaa barazani, mbwa yuko ng'ambo ya mlango wa wavu, na kilio kisisikike. Wapo lakini mbwa ambao wanamtaka mtu mmoja tu duniani, na hata nyumba ijae wageni watalia akitoka. Simu yako ya dirishani itakwambia wa kwako ni yupi.

*Muda na pesa.* Hapa ndipo pesa zinapotoka, na hazikomi. Unamlipa mtu au unabaki na deni la hisani kila siku. Kwa upande mwingine matokeo ni ya siku hiyo hiyo, na hiyo ni rehema kwa mbwa anayejiumiza.

Tatizo haliponi, linasimama. Siku msaidizi akifiwa kwao Wete, umerudi ulipoanzia.

*Kwenye nyumba zetu.* Panga mapema ili asiyetaka kugusa asilazimike kugusa. Mimi niliweka ndoo ya maji upande wa nje wa wavu na bomba la kumiminia ndani. Chakula kinawekwa na mimi kabla ya kutoka. Koleo la kinyesi lina mpini mrefu. Yule mama jirani ndiye aliyekuwa wa kwanza kukubali. Aliniambia hawezi kumtia mkono mbwa, ana udhu wake, lakini kumnyima maji hawezi, na akanikumbusha kile kisa tulichofundishwa sote chuo cha Kurani cha mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake kumnywesha mbwa mwenye kiu. Kila asubuhi alileta ukili wake akasuka mkeka upande wa pili wa wavu. Popi alilala akimtazama.

Mtu huyu ana haki mbili kwako. Ya kwanza ni kujua kwamba mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa na chanjo haijapita muda wake. Muoneshe kadi kabla hajauliza. Ya pili ni kujua la kufanya akiumwa au kukwaruzwa: aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

*Inamfaa nani.* Mbwa anayeumia au kuruka ukuta, ambaye hawezi kusubiri mazoezi ya miezi. Mbwa mkongwe. Mtoto wa mbwa, ambaye kwa umri wake hata kibofu hakimruhusu kukaa saa nyingi. Na yeyote aliye katikati ya njia ya kwanza.

Njia ya nne: kumletea mwenzake

*Inavyokwenda.* Hii ndiyo rai ya kwanza utakayopewa mtaani: mtafutie mwenzake, ana upweke. Wakati mwingine ni kweli. Mbwa wa wasasi katika vijiji vya Kusini Unguja, wale wanaofukuza nguruwe na kima mashambani, wamezoea kuwa pamoja na wenzao. Lakini mbwa aliyemganda mtu anamlilia mtu. Ukimletea mbwa, atalia akiwa na mbwa pembeni, na ukikosa bahati yule wa pili atajifunza kulia naye. Sasa una wawili.

*Muda na pesa.* Kila kitu mara mbili: chakula, chanjo, dawa za minyoo na kupe, kufunga uzazi. Hilo la mwisho usilipuuze. Dume na jike wasiofungwa uzazi ni watoto sita au wanane mwakani, na sote tunajua wanaishia wapi. Wanaishia ufukweni, wanafuata wageni wanaowapa chapati wiki mbili kisha kupanda ndege.

*Kwenye nyumba zetu.* Jirani aliyekubali mbwa mmoja hajakubali wawili. Muulize yeye kabla ya kumleta, na kama maneno yameshafika kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa, usiongeze.

*Inamfaa nani.* Anayetaka mbwa wa pili hata kama wa kwanza angekuwa mtulivu, mwenye uwanja na pesa. Usiamue kwa kukisia. Azima mbwa wa rafiki kwa siku tatu au nne, warekodi wote ukiwa umetoka. Video ikionesha wa kwako amelala, rai ya mtaani ilikuwa sawa.

Na dawa?

Dawa sikuiweka katika zile nne kwa kuwa haichaguliwi badala yake. Inaongezwa juu yake. Zipo zinazotumika kwa hofu hii, kama fluoksetini na klomipramini. Huchukua wiki 4 hadi 8 kuonesha nguvu zake, na kazi yake ni kushusha hofu ili mazoezi yaweze kuingia. Zinaandikwa na daktari wa mifugo baada ya kumpima. Madaktari wetu wengi wako na ng'ombe, mbuzi na kuku siku nzima, kwa hiyo mpigie kwanza, umweleze, na umtumie ile video. Itamwambia mengi kuliko maneno yako. Kama mbwa hataki kula, anajiumiza, au miezi miwili ya mazoezi ya uaminifu haijasogeza hata dakika moja, ni wakati wa kuiuliza. Kutumia dawa hapo si uvivu.

Usimpe dawa za binadamu kutoka kabatini kwako. Wala usitafute dawa ya kumlaza tu, maana mwili unaweza kulegea na hofu ikabaki ndani.

Kuna jambo jingine linalofanywa sana ambalo siliweki kwenye ulinganisho kabisa, nalo ni mnyororo. Mbwa mwenye hofu akifungwa huuvuta mpaka shingo inachubuka, huuma chuma hadi meno yanakatika, huzunguka mti mpaka hafikii maji. Banda la bati lililofungwa wakati wa kaskazi ni tanuri. Ukilazimika kumwekea mpaka, mwekee uzio na kivuli cha mti, na maji katika vyombo viwili vizito, kwa kuwa mbwa anayehangaika hukimwaga kimoja.

Kwa hali yako

Unakuwa nje kwa muda wa saa nne au tano kila siku na una likizo inayokuja: tumia likizo kuanza njia ya kwanza, na tafuta mtu wa kukaa naye siku zile utakazorudi kazini kabla mbwa hajaiva.

Unafanya kazi hotelini kwa zamu, leo usiku kesho asubuhi: mazoezi yatakuwia magumu. Weka mtu kwanza, ongeza matembezi kabla ya kila zamu, na fanya zoezi fupi siku za mapumziko. Maendeleo yatakuwa ya polepole, lakini yapo.

Nyumba ni ya familia kubwa na wapo wasiotaka mbwa karibu: huenda huna tatizo la mtu, una tatizo la mahali. Msogeze kibanda chake upande ambao watu hukaa, wavu katikati, asikie sauti za jikoni. Jaribu hilo wiki moja kabla ya kutumia hata shilingi.

Umepanga Mji Mkongwe ghorofa ya pili, hakuna ua: usimfungie kwenye roshani iliyo wazi. Mbwa mwenye hofu huruka. Mfungie chumba cha ndani chenye hewa, na uone kama jirani wa chini anaweza kuwa mtu wa njia ya tatu. Kama hawezi, na kazi yako ni ya siku nzima, pengine mbwa huyu anahitaji nyumba nyingine, na kumtafutia nyumba njema ni kumpenda.

Mbwa wako ni wa shamba, anakaa mbali na watu na hajawahi kukuganda, lakini ameanza kulia: rudi kwenye daktari na video. Pengine si hofu ya kuachwa.

Unasafiri kwa boti, siku tatu Dar au wiki Pemba: usimwachie mtu funguo asubuhi ya safari. Mtu huyo aje mara tatu nne ukiwepo, kisha mara mbili ukiwa umetoka kwa saa moja, ndipo usafiri. Mwachie nguo uliyoivaa ambayo hujaifua. Popi nilimwachia kanga yangu kuukuu nilipokwenda Chake Chake kwenye harusi ya binamu yangu mwezi uliopita. Jirani alinitumia picha saa 4 asubuhi: kailalia, kichwa kaelekeza getini, macho yamefumba.